Kupandisha Dau au Kulipa Tu: Uchague Nini Mpinzani Anapoweka Dau kwenye Flopu

Katika poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, swali hili hurudi karibu kila mzunguko: flopu, yaani karata 3 za kwanza kati ya 5 za mezani, ambazo wote huzitumia pamoja na 2 za mkononi, imefunuliwa, mpinzani aliyepandisha tangu mwanzo ameweka dau jingine, na zamu ni yako. Njia ni tatu tu. Unaweza kutupa karata zako, unaweza kulipa dau lile lile alilolitaja ili uione karata ya nne, au unaweza kupandisha. Kutupa nitakugusia kwa ufupi, kwa kuwa kazi ngumu haipo hapo. Ipo kati ya kulipa na kupandisha, ambako wachezaji wengi huamua kwa hisia, wakipandisha wanapojiona wana nguvu na kulipa wanapoingiwa na shaka. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinapotosha. Karata nzuri za wastani, ambazo ndizo tunazopata mara nyingi, nyingi ni za kulipa. Karata za kupandisha ni zile zilizo bora kabisa, pamoja na zile ambazo bado si kitu lakini karata moja tu inaweza kuzifanya kitu.

Majina ya karata nitatumia yale yale tuliyoachiwa na Wareno, kopa, uru, shupaza na pau, na ree kwa ile inayozidi zote. Jumla ya chipu zilizokwisha wekwa katikati ya meza nitaiita fungu.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuweke meza moja na tubaki nayo. Blaindi, yaani madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, ni 1 na 2, na kila mchezaji ana chipu 200. Mpinzani aliyekaa kwenye kiti cha mgawaji anapandisha hadi 5, mwenye blaindi ndogo anatupa, nawe mwenye blaindi kubwa unalipa. Fungu lina chipu 11, na kila mmoja wenu amebakiwa na 195. Flopu inafunuliwa, wewe unapita, yaani huweki dau, naye anaweka dau.

Bei ya kila njia

Tuseme dau lake ni 4, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya fungu. Ukilipa, unatoa 4 kugombea 15 zilizopo, na fungu zima linakuwa 19. Kwa hiyo unahitaji uwezekano wa kushinda wa asilimia 21 hivi ili malipo hayo yasiwe hasara. Ukipandisha hadi 14, unahatarisha 14 ili upate 15 zilizopo, na kama karata zako zingekuwa hazina thamani yoyote, mpinzani angepaswa kutupa zaidi ya mara 48 katika kila mara 100 ndipo upate faida.

Sasa tuseme dau lake ni 8. Kulipa kunakudai asilimia 30 hivi, jambo ambalo bado linavumilika. Kupandisha hadi 26, hata hivyo, kunahatarisha 26 kwa ajili ya 19, na mpinzani lazima atupe mara 58 katika 100. Angalia jinsi njia hizo mbili zinavyoachana: dau lilipokua kutoka 4 hadi 8, sharti la kulipa lilipanda kwa pointi 9, na sharti la kupandisha kwa pointi 10, lakini hesabu hiyo haijataja jambo zito zaidi, nalo ni nani anayeweka dau kubwa. Dau dogo huwekwa na karata za kila namna, zikiwemo nyingi zilizokosa kabisa, ilhali dau kubwa kwa kawaida huwekwa na mtu aliyepata kitu au anayesubiri kitu. Kwa hiyo dau kubwa linakutaka umtupishe mpinzani mara nyingi zaidi, wakati ambapo yeye hayuko tayari kutupa. Ndiyo maana mimi hupandisha zaidi dhidi ya dau dogo, na dau kubwa hulipa au hutupa, isipokuwa nikiwa na karata nzito kweli.

Kuhusu kutupa, inatosha kusema hivi: dau la 4 kwenye fungu la 11 linamlipa mpinzani papo hapo, hata akiwa na karata mbovu, iwapo utatupa zaidi ya mara 27 katika 100. Mtu ambaye karata zake za mkononi hazikuwa jozi hukosa flopu takriban mara mbili kati ya tatu. Ukitupa kila unapokosa, basi unamgawia chipu zako bila yeye kuhitaji hata kutazama alichoshika.

Flopu yenye mambo mengi

Chukua flopu ya 8 ya shupaza, 7 ya shupaza na 3 ya uru. Hii ni flopu iliyojaa njia: kuna shupaza mbili, kuna karata zinazofuatana, na karata ya nne inaweza kugeuza kila kitu. Ni flopu inayompendelea mwenye blaindi kubwa pia, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa kwa karata kama 8 na 7, au 6 na 5, au jozi ya 3, wakati mpinzani ana ree, kingi na jozi kubwa kwa wingi zaidi.

Ukiwa na jozi ya 3 mkononi, sasa una 3 tatu, yaani seti, na hapa sioni sababu ya kulipa tu. Wengi hulipa kwa kisingizio cha kumtegea mpinzani. Tufanye hesabu ya mtego huo. Ukilipa 4, fungu linakuwa 19 na kila mmoja anabaki na 191. Ili chipu zote ziingie katika hatua mbili zilizobaki, yaani karata ya nne na ya tano, kila hatua itahitaji dau la karibu mara 1.8 ya fungu, jambo ambalo hakuna mpinzani wa kawaida atakayekufanyia wala kukulipa kwa urahisi. Ukipandisha hadi 14 naye akalipa, fungu linakuwa 39 na mnabaki na 181. Sasa kila hatua inahitaji dau la mara 1.1 ya fungu tu. Tofauti ya chipu 10 kwenye flopu ndiyo inayoamua kama mwishoni utashinda chipu 60 au zote 200. Zaidi ya hapo, ikija shupaza nyingine, au 9, au 6, mwenye jozi ya kwini ambaye angelipa dau lolote kwenye flopu ataingiwa na woga, nawe utakuwa umemtegea mtu aliyekwisha ondoka.

Mfano maarufu wa jambo hili ulichezwa mwaka 2003 Las Vegas, katika ukumbi wa Binion's Horseshoe, siku ya mwisho ya mashindano makuu ya World Series of Poker. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kupitia shindano dogo la intaneti, alikuwa amebaki na Sam Farha peke yake. Moneymaker alishika 5 ya uru na 4 ya shupaza, Farha jeki ya kopa na 10 ya uru, na flopu ikawa jeki ya shupaza, 5 ya shupaza na 4 ya pau. Farha, mwenye jozi ya juu kabisa, aliweka dau. Moneymaker, mwenye jozi mbili ndogo, akapandisha. Farha akasukuma chipu zake zote, na Moneymaker akalipa. Karata ya nne ilikuwa 8 ya uru, ya tano ikawa 5 ya kopa, na ushindi wa dola milioni 2.5 ukaenda kwa mhasibu. Watu hukumbuka bahati ya ile 5 ya mwisho, ingawa Moneymaker alikuwa mbele tangu flopu. Mimi hukumbuka kupandisha kwake. Jozi mbili za 5 na 4 huharibika kwa urahisi mno: ingekuja jeki au 10, au mezani zingejipanga karata mbili zinazofanana, kwa mfano 8 na 8, Farha angempita. Karata za namna hiyo zina nguvu leo na hazina hakika kesho, kwa hiyo chipu zinapaswa kuingia wakati mwenye jozi ya juu bado anajiamini.

Flopu kavu

Sasa badilisha karata za mezani. Flopu ni ree, 7 na 2, kila moja ya jamii yake. Mpinzani ameweka dau lile lile la 4, nawe umeshika ree na 10. Moyo unasema umepata jozi ya juu kabisa, basi pandisha. Lakini jiulize nani atakulipa. Mwenye jozi ya jeki au ya 9 atatupa, mwenye kingi na kwini atatupa, na watakaobaki ni wenye ree na kwini, ree na kingi, au jozi mbili. Umewafukuza wote uliokuwa umewashinda na ukawabakiza waliokushinda. Wale uliowafukuza, tena, hawakuwa hatari: mwenye kingi na kwini kwenye flopu hii hana karata hata moja inayoweza kumwokoa mara moja dhidi ya jozi ya ree, na mwenye jozi ya 9 ana mbili tu katika 47 asizoziona. Ukilipa tu, unamwachia nafasi ya kuweka dau la pili kwa karata hizo hizo mbovu. Hapa kulipa kunashinda kupandisha pasipo mjadala.

Seti ya 7 kwenye flopu hii ndiyo kesi inayonipa shida kidogo. Kwa mantiki ya hapo juu, hakuna haraka, kwa kuwa hakuna karata ya nne inayotisha. Hata hivyo, katika meza za dau dogo nimeona kwamba mtu mwenye ree hatupi kabisa, na mtu asiyetupa anapaswa kutozwa mapema. Hapo hupandisha, na sijutii.

Karata za katikati, na kosa la kutaka kujua

Rudi kwenye flopu ya 8, 7 na 3, safari hii ukiwa na 9 na 8. Una jozi ya juu na karata ya pembeni ya kawaida. Kupandisha kuna faida moja ya kweli hapa: mwenye ree na kingi ana karata 6 za kumwokoa, ambazo hadi karata ya tano humpa takriban asilimia 24, na ukimtupisha umemnyang'anya sehemu yake hiyo. Faida hiyo isidharauliwe. Lakini ukipandisha akalipa, au mbaya zaidi akapandisha juu yako, unajikuta na jozi moja ya 8 ndani ya fungu kubwa, ukitangulia kucheza, huku karibu nusu ya karata za nne zikikutisha. Ndiyo maana naona 9 na 8 ni ya kulipa mara nyingi, na ree na 8 inaweza kupandishwa mara mojamoja dhidi ya mtu anayeweka dau kwa kila kitu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na ugonjwa wa kupandisha ili nijue nimesimama wapi. Usiku mmoja nilishika kwini na jeki, flopu ikaja na kwini, 9 na 4. Mzee mmoja aliyekaa kulia kwangu aliweka dau la chipu 6, nami nikapandisha hadi 20 nikijiambia kwamba akilipa nitajua ana kitu. Alilipa bila kuinua macho. Kwenye karata ya nne nilipita, yeye akaweka 35, nikatupa; akanionyesha kingi na kwini kwa upole, kama mtu anayerudisha chenji. Nilikuwa nimenunua habari kwa chipu 20, habari ambayo ningeipata kwa 6 kwa kulipa na kutazama atafanya nini baadaye. Kibaya zaidi, kama angekuwa na kwini na 10, au jozi ya 10, ambazo nilikuwa nimezishinda, huenda angetupa. Kupandisha kwa ajili ya kujua humfukuza yule uliyetaka abaki na kumbakiza yule uliyetaka aondoke.

Karata zinazosubiri na mkwara

Upande wa pili wa kupandisha ni mkwara, na hapa ndipo uchaguzi una utamu wake. Mkwara mtupu, wenye karata zisizo na njia yoyote, nimeshaonyesha bei yake: karibu nusu ya mara zote mpinzani lazima atupe. Karata zinazosubiri hupunguza bei hiyo, kwa sababu hata akilipa bado unaweza kushinda.

Karata 10 na 9 za shupaza kwenye flopu yetu ya 8 na 7 za shupaza na 3 ya uru ni kilele cha jambo hili. Shupaza yoyote kati ya 9 zilizobaki hukupa flashi, yaani karata 5 za jamii moja, na 6 au jeki hukamilisha karata 5 zinazofuatana. Ukiondoa zilizohesabiwa mara mbili, unazo 15, ambazo hukupa asilimia 54 hivi ya kuipata moja kati yake kabla ya mwisho. Huna chochote mkononi na bado huogopi chipu zote kuingia. Pandisha.

Linalowachanganya wengi ni karata za kusubiri za wastani. Chukua ree na 4 za shupaza, yaani unasubiri flashi iliyo kubwa kuliko zote. Nafasi ya kuipata ni asilimia 35 hadi mwisho, na asilimia 19 kwenye karata ya nne peke yake. Zinaonekana ni za kupandisha moja kwa moja. Lakini mpinzani akipandisha juu yako kwa chipu nyingi, unalazimika ama kutupa karata zenye thamani kubwa, ama kulipa bei isiyokufaa. Ukilinganisha na jeki na 10 zenye shupaza moja tu, zinazosubiri 9 ili zifuatane, pamoja na uwezekano mdogo wa flashi iwapo zitakuja shupaza mbili mfululizo, hizi za pili zina thamani ndogo sana. Ndiyo maana zinafaa mkwara zaidi: akipandisha juu yako unatupa na hujapoteza mengi, ilhali ree ya shupaza ingekuuma. Si kanuni ya kushikwa bila kuangalia meza, kwani mpinzani anayetupa ovyo anapaswa kupandishiwa kwa zote mbili, lakini ni kipimo kinachokuokoa dhidi ya tabia ya kupandisha kwa kila flashi inayosubiriwa.

Hapa pia ndipo ushauri wa zamani unapopotosha. Katika poka yenye kikomo, ambapo dau la flopu ni 2 na la karata ya nne ni 4, mchezaji anayecheza wa mwisho angeweza kupandisha flopu hadi 4 akisubiri flashi, mpinzani akaogopa na kupita, naye akaiona karata ya tano bila kulipa tena. Alikuwa ametoa 4 mahali pa 6. Hila hiyo ilitegemea kwamba madau yana ukubwa uliopangwa. Pasipo kikomo, mpinzani anaweza kukujibu kwa chipu 45 kwenye flopu yenyewe, na akiba yako ya chipu 2 ikawa kichekesho.

Kiti ulichokalia

Mifano yote hapo juu imekuweka kwenye blaindi kubwa, ukicheza kabla ya mpinzani, na kukaa huko kunaongeza thamani ya kupandisha, kwa kuwa ukilipa tu utaendelea kucheza gizani katika hatua mbili. Ukiwa wewe ndiye unayecheza wa mwisho, kulipa kunakuwa kutamu zaidi: utamwona atakachofanya kwenye karata ya nne kabla hujaamua, na karata nyingi za kusubiri zitaonekana kwa bei nafuu. Katika kiti hicho hupandisha kwa karata chache zaidi, na ninapopandisha, mara 3 ya dau lake inatosha, ilhali kutoka kwenye blaindi hukaribia mara 3.5 au 4.

Mkiwa watatu au wanne kwenye flopu, mkwara hupoteza maana haraka, kwa sababu lazima wote watupe. Karata nzito, kinyume chake, hupata wateja wengi zaidi, na seti isiyopandishwa mbele ya watu watatu ni chipu zilizoachwa mezani.

Mwisho kuna urefu wa chipu zenyewe. Yote niliyosema juu ya karata za katikati yalisimama juu ya chipu 200, ambapo kuna hatua mbili nzima za kujutia. Mkianza na chipu 40 kila mmoja, hesabu inageuka: baada ya kulipa 5 mmebaki na 35, fungu ni 11, naye ameweka 4. Ile 9 na 8 kwenye flopu ya 8, 7 na 3, ambayo dakika chache zilizopita nilisema ilipwe tu, sasa naisukumia chipu zote 35. Wanaosubiri flashi watalipa wakiwa nyuma, wenye ree na kingi watatupa asilimia zao 24, mwenye jozi ya kwini atanishinda na nitanyanyuka nitafute chipu nyingine, na hakuna karata ya nne itakayofunuliwa ikaniuliza swali ambalo sina jibu lake.